Delta ya Nyuma ya Jiko: Historia ya Mwalimu Mawe

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi wa zamani mliojaa uwanja huu hadi wengine mmekaa juu ya matofali ya jirani, familia imemchagua mdogo wake marehemu, yule anayejulikana nyumbani kama Redio, awasomee historia hii, naye anaomba ieleweke tangu mwanzo kwamba hakuna jambo humu alilosimuliwa na mtu, yote ameyaona kwa macho yake haya mawili, kuanzia kuzaliwa kwa marehemu hadi pumzi yake ya mwisho, na kama kuna mtu ameshaanza kupiga hesabu kwamba msomaji alizaliwa miaka saba baada ya marehemu, ajue kwamba kuna watu huanza kuona mapema, na anyamaze kwa heshima ya msiba.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Agosti 1962, katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bomba moja, akiwa mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani na mama muuza mkaa, mvua ikipiga bati kiasi kwamba mkunga alilazimika kupaza sauti ili mama asikie anapoambiwa asukume, na marehemu alipotoka hakulia, alikodoa macho akatazama maji yaliyokuwa yakipenya chini ya mlango na kujichorea njia kwenye sakafu ya udongo, mkunga akamchapa makalio mara mbili ndipo akakumbuka kulia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1970 katika shule ya msingi iliyopakana na karakana ya malori, akamaliza darasa la saba mwaka 1976, na ni katika miaka hiyo alipopata jina la Mawe, neno Mwalimu likaja kuongezwa baadaye, kwa sababu hakuna jiwe lililompita, alikuwa akirudi nyumbani mifuko ya kaptula imening'inia hadi magotini, baba akachoka kuishona kwa kitambaa akamshonea ya turubai, na msomaji, ambaye alilala naye kitanda kimoja, anashuhudia kwamba chini ya lile godoro kulikuwa na safu nzima ya milima, na mbavu zake za kushoto hadi leo zinajua tofauti kati ya jiwe la volkano na jiwe la chokaa. Aliendelea na sekondari kuanzia 1977 hadi 1980, kisha chuo cha ualimu kuanzia 1982 hadi 1984, akatoka na stashahada yenye alama za juu kabisa katika jiografia, wakati msomaji aliishia darasa la sita kwa sababu ambazo si za leo, akaenda kujifunza kuchomelea vyuma, kazi ambayo, kama mtakavyosikia, bila hiyo maktaba ya marehemu isingesimama.

Tarehe 1 Februari 1985 aliripoti kazini katika sekondari ile ya chini ya kilima, yenye madarasa manane, stoo ya chaki, jiko lenye moshi na uwanja wa mpira wa wavu wenye mchanga mzuri, akakabidhiwa somo la jiografia pamoja na kitabu kimoja chenye jalada la kitabu kingine, ramani ya dunia iliyoliwa na panya upande wa kusini, na wanafunzi ambao wengi wao walidhani tetemeko la ardhi ni adhabu. Alifundisha kwa alichonacho, beseni la maji likawa bahari, kijiko kikawa tetemeko, unga ukawa majivu ya volkano hadi mwalimu mkuu akauliza unga wa shule unaishia wapi, na ni kwa sababu ya unga huo ndipo alipoanza kugombana na mpishi wa shule, dada mmoja mwenye ulimi mkali na mikono mikubwa, ambaye alimwambia mbele ya wafanyakazi wote kwamba kama anataka volkano akaitafute kwenye jiko lake mwenyewe, naye akajibu kwamba hana jiko, na dada akasema basi hilo ndilo tatizo lako. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 19 Desemba 1992. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume mmoja na wa kike wawili, wote wapo hapa mbele, na wajukuu wanne, ambao mmoja wao ana jiwe mfukoni muda huu, msomaji amemwona.

Tunafika kwenye maktaba, ambayo ndiyo iliyowaleta wengi wenu hapa. Mwaka 2006 marehemu na walimu wengine watano wa shule za jirani, wote wakifundisha mambo ya ardhi, miamba, mito na hali ya hewa kwa chaki na mate, walikubaliana kuacha kuhangaika kila mtu peke yake, wakapata kompyuta moja iliyokwisha kutumika ofisini kwa watu, isiyo na mfuniko, ikawekwa kwenye stoo ya chaki, na msomaji akaichomelea kreti la chuma lenye kufuli, kreti ambalo wezi wamejaribu mara nyingi na kuondoka wakilisifia. Humo waliweka kila kitu ambacho mwalimu angeweza kukitumia darasani kesho yake asubuhi, picha za tabaka za miamba kwenye kingo za barabara zilizochimbwa, maelezo ya kutengeneza tetemeko kwa beseni, ramani zilizochorwa upya bila panya, video fupi za mawingu, na majibu ya yale maswali ambayo mwanafunzi huuliza na mwalimu akajifanya hajasikia. Mtandao ukiwa hafifu walimu walibeba vitu hivyo kwenye flashi, wakibadilishana vituoni na misibani, na baadaye maktaba ilipowekwa mtandaoni walijiunga walimu kutoka miji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika.

Walikuwa na sheria moja kubwa, ambayo marehemu ndiye aliyeitunga na kuisimamia kama mama mkwe, kwamba hakuna kitu kinachoingia maktabani kabla hakijaonjwa. Kuonja maana yake ni kwamba mwalimu mwingine, si yule aliyekitengeneza, anakichukua, anakifundishia darasa lake, kisha anarudi kusema watoto walielewa nini na walikosea wapi, kama mtu anavyoonjesha mchuzi kabla ya kupakua. Marehemu aliwahi kuikataa kazi ya mwalimu mkuu mmoja kwa sababu haikuonjwa, mwalimu mkuu akanuna mwaka mzima. Lakini ufunguo wa maktaba, yaani ile namba ya siri ya kuingizia vitu, alikuwa nao marehemu peke yake, na hapa, ndugu zangu, familia ingependa kupita haraka, lakini haiwezi.

Aprili 2011, baada ya mvua, maji ya kuoshea masufuria na kufulia aproni yalitoka kwenye mfereji wa nyuma ya jiko, yakabeba majivu na udongo, yalipofika kwenye mchanga wa uwanja wa mpira wa wavu yakapoteza nguvu, yakajigawa vidole vidole kama mkono uliokunjuliwa. Marehemu aliyakuta saa nne asubuhi. Alilala kifudifudi na shati lake la sikukuu, akapiga picha kidevu kikiwa kimegusa ardhi, na picha ilipotoka ungeapa ni mto mkubwa unaomwaga mizigo yake baharini, na yale matone ya povu ungesema ni visiwa. Alikuwa na kalamu mfukoni. Alijua kabisa, na alikuwa akiwafundisha wenzake, kwamba picha ya jiwe au ya ardhi lazima iwekewe kitu kinachojulikana, kalamu, sarafu, nyundo, ili mtazamaji ajue ukubwa, lakini aliona kalamu ya plastiki itaharibu uzuri, akaiacha mfukoni. Jioni hiyo hiyo akaiingiza picha maktabani bila kuonjwa na mtu, akaandika chini yake kwamba hii ni delta, inaonyesha namna mto unavyoshusha mzigo unapopunguza kasi, ipo karibu na shule yetu. Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo, na ndiyo maana ilikuwa mbaya.

Kwenye mkutano wa mwezi uliofuata, picha ilisifiwa hadi chai ikapoa. Mwalimu mkuu yule aliyenuna ndiye aliyeuliza kama marehemu amekodi ndege siku hizi, watu wakacheka, wakamgeukia wasikie jibu, na marehemu, ambaye maisha yake yote alikuwa amesifiwa kwa bidii tu, hajawahi kusifiwa kwa uzuri, kichwa kikamvimba, akatabasamu akasema, "Mimi nina mahali pangu pa kupandia." Hayo tu. Kulikuwa na mwalimu wa kike, mdogo kuliko wote pale, wa shule ya ng'ambo ya mlima, mwaka wake wa pili kazini, akauliza kama anaweza kuwaleta wanafunzi wake waione, na marehemu akamwambia karibuni wakati wowote, kama mtu anavyomwambia mgeni akae ale huku sufuria limeshaoshwa.

Usiku huo mke wake, ambaye maji yale yalikuwa yake, alimwambia maneno ambayo ametuomba yasomwe kama alivyoyasema, "Baba watoto, waambie. Waambie ukubwa wake kabla hawajaja kupima wenyewe." Marehemu akasema atawaambia mkutano ujao.

Ijumaa tarehe 10 Juni 2011 basi liliingia getini. Wanafunzi walishuka wamevaa sare zilizopigwa pasi, daftari mikononi, wengine wamebeba kamba ya kupimia, na mmoja amebeba darubini ya babu yake, na yule mwalimu kijana alikuwa ameshawafundisha delta ile kwa majuma mawili, wameichora, wameweka bandari, wamebishana meli kubwa itapita mkono upi. Msomaji alikuwepo, alikuwa anachomelea bawaba ya mlango wa jiko, hilo hata mke wa marehemu ni shahidi. Marehemu alitoka stoo uso umemshuka, na anasema mwenyewe, maana aliliandika baadaye, kwamba alifikiria kuwaambia mto umekauka, kwamba maneno yalikuwa tayari mdomoni, ila alipomwona yule mtoto wa darubini akayameza, akajikaza kisabuni, akawazungusha nyuma ya jiko, pale mfereji ulipokuwa ukitiririsha maji ya masufuria ya asubuhi, akasimama kando akasema ni hii.

Watoto waliinama wakatazama povu likipasuka. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, tuvue viatu tuvuke?"

Watoto walicheka hadi wengine wakakaa chini, lakini hawakumcheka marehemu, hawakumjua, walimcheka mwalimu wao. Hapo hapo wakampachika jina linalohusu mambo ya kufulia, jina ambalo msomaji analijua na hatalisoma hata akipigwa, nalo lilimfuata darasani, likamfuata sokoni, watu waliokuwa hawajui hata delta ni nini wakawa wanamwita hivyo. Pamoja na hayo, basi lilipokuwa linaondoka, mwalimu yule alionekana kupitia kioo akicheka hadi akajifuta macho, ishara kwamba ameichukulia kama utani wa watu wa kazi moja, na hilo lilimpa marehemu ahueni kubwa. Mwalimu huyo hakurudi tena mkutanoni, lakini barabara ya ng'ambo ya mlima mnaijua ilivyo mbaya.

Marehemu hakuwa mtu yule yule tena. Jumatatu alifungua maktaba, na badala ya kuifuta picha, jambo ambalo lingemchukua muda wa kupiga chafya, aliandika chini yake kwamba upana wote wa mto huu ni hatua moja ya mtoto, kwamba ni maji ya jikoni, kwamba mpigapicha alikuwa na kalamu akaificha, kwamba alipoulizwa alijisifu, na kwamba mwalimu aliyeiamini hakufanya kosa lolote, kosa ni la mwenye ufunguo. Kisha akawakabidhi wenzake ufunguo, na tangu siku ile hadi anastaafu hakuwahi kuingiza kitu maktabani kwa mkono wake, alisimama kwenye foleni ya kuonjwa kama mwalimu mgeni, na kazi zake mbili zilikataliwa, akasema asante.

Walimu mliopo hapa mnaifahamu kandambili ya bluu. Watu wengi mtandaoni wameuliza kwa nini katika kila picha ya marehemu, iwe ni ukuta wa mawe au ni ufa wa ardhi uliomeza nusu ya shamba, kuna kandambili moja ya kike ya mguu wa kushoto. Ni ya mke wake. Jioni ya siku ya basi mke aliivua akamtupia kifuani, akamwambia kuanzia leo usipige picha ya kitu chochote bila hii, hata ya harusi ya mwanao, naye alitii, akaibeba kwenye begi miaka yote, ikapanda milima ambayo mwenye mguu hajapanda, na mke akawa anakwenda bombani na kandambili moja ya bluu na moja ya kijani, majirani wakidhani ni hali ngumu. Picha ya harusi ya binti yetu mkubwa ipo ukutani, mtakaoingia ndani angalieni chini upande wa kulia.

Mwaka 2016 maktaba ilipokea picha kutoka shule ya ng'ambo ya mlima, haikuwa na salamu, ilikuwa picha ya maporomoko makubwa ya udongo yaliyotokea huko, imeonjwa kwa utaratibu wote, na kwa ajili ya kuonyesha ukubwa, mbele ya yale maporomoko mwalimu alikuwa amesimamisha darasa zima, mtoto kando ya mtoto, kutoka ukingo hadi ukingo. Marehemu aliitazama kwa muda mrefu bila kupepesa. Alimwambia mke wake kwamba hiyo ndiyo picha bora kuliko zote zilizomo, kisha akatoka nje akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hakutaka chai.

Alistaafu tarehe 14 Agosti 2022. Tarehe 3 Machi 2023 alipatwa na kiharusi akiwa anamwagilia bustani, kikamchukua mkono wa kulia na ulimi, akalazwa mara tatu, na miezi yake ya mwisho aliipitisha kitandani na simu kwenye mkono wa kushoto, akipitia maktaba picha moja moja, akifika kwenye ile ya nyuma ya jiko anasimama hapo, anamtazama msomaji kwa jicho la kuuliza, na msomaji anamtikisia kichwa, ndiyo kaka. Alifariki dunia Jumanne tarehe 7 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya wanaume, mke wake akiwa amemshika mguu.

Juzi walimu wa maktaba walikuja msibani, wakiwa na nia njema kabisa, kuomba ruhusa ya kuiondoa ile picha na maandishi yake, ili aibu ile isibaki na jina la marehemu. Baadhi yetu wa familia, msomaji akiwa wa kwanza, tulisema ndiyo, ifutwe leo. Mke wa marehemu alikuwa anapanga vikombe, akasema bila kugeuka, "Iacheni. Mkiifuta mtamfanya mwongo mara ya pili." Kwa hiyo ipo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi wa zamu ya usiku aliyekubali kuwekewa jiwe kwenye kabati la dawa, inawashukuru majirani kwa viti, maji, maturubai na uvumilivu, mwalimu mkuu na wafanyakazi wa jikoni wa shule, na walimu wote wa maktaba, mliotoka mbali na mnaofuatilia kwa simu.

Yanayofuata hayakupitishwa na kikao cha familia, yameandikwa nyuma ya karatasi leo asubuhi, baada ya msomaji kuona ni nani aliyesimama peke yake pale karibu na tangi la maji, amekuja kutoka ng'ambo ya mlima. Mwalimu, shikamoo hata kama mimi ni mkubwa kwako. Jioni ile ya Ijumaa kaka alivaa viatu, vile vyeusi vya kazini, akasema anavuka mlima usiku huo huo aje asimame mbele ya darasa lako aseme kosa ni lake, siyo lako. Mimi nilimwonea huruma, na mdomo wangu mnaujua hauna breki, nikamwambia kaka kaa, mimi nilikuwa mlangoni na miwani yangu ya kuchomelea, nimemwona kwenye kioo cha basi, anacheka huyo. Akaniuliza, "Kweli alicheka?" Nikasema alicheka. Akavua viatu. Akaniuliza tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine, na alipopoteza ulimi akaniuliza kwa jicho, na mimi kila mara nikamjibu vile vile, naye akabaki upande huu wa mlima kwa neno langu.

Viatu vile nimevivaa mimi leo, vinanibana, na nikikunja karatasi hii nakuja hapo ulipo. Lala salama kaka, ardhi uliyoifundisha ikupokee kwa upole. Nawe, Mwalimu wa ng'ambo, kwenye kioo cha basi ulikuwa ukijifuta macho, hilo nililiona kweli. Kicheko nilikiongeza mimi.